Shangazi, nimepata nafasi ya masta ya Historia, nyumbani wanasema napoteza hela

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 31, nimeolewa, tuna mtoto mmoja wa miaka minne. Ni mwalimu wa sekondari ya binafsi huku Mbagala, nafundisha Historia na Kiswahili. Nilisoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), nikaenda ualimu chuo kikuu, nikamaliza kwa GPA ya 3.6. Kazi yangu naipenda, wala siandiki kwa sababu nimechoka kufundisha.

Tangu mtaala mpya uanze nafundisha pia Historia ya Tanzania na Maadili. Siku moja tulikuwa kwenye mada ya kudai uhuru, binti mmoja wa kidato cha kwanza akaniuliza: "Mwalimu, ukimtoa Bibi Titi, wanawake wengine walikuwa wanafanya nini?" Nikamjibu kijumlajumla, kwamba walishiriki kikamilifu. Akaandika kwenye daftari, akakaa. Swali likabaki na mimi. Bibi yangu mzaa mama, anayeishi Ilala, hutusimulia kwamba mama yake alikuwa kwenye kikundi cha lelemama, ile ngoma ya akina mama, na kwamba kadi za TANU zilikuwa zinagawiwa uani kwao wakimaliza ngoma. Bibi alikuwa msichana wakati huo. Anakumbuka nyimbo mbili tatu, na anakumbuka majina ya akina mama waliokuwa wakija. Majina hayo sijayaona kwenye kitabu chochote ninachofundishia.

Basi nikaomba masta ya Historia Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikapata. Hapo ndipo nyumbani kulipowaka.

Mume wangu ni fundi umeme. Tuna akiba ya shilingi milioni 7 tuliyokuwa tunaiweka ili tupandishe nyumba kwenye kiwanja chetu cha Chanika. Ada na gharama za utafiti zitaila karibu yote. Yeye anasema "soma tu mke wangu", lakini usiku namwona hapati usingizi. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyenisomesha baada ya baba kufariki, amekataa waziwazi. Alifanya kazi kiwanda cha nguo cha Urafiki miaka mingi, na mtaani kwake anaona vijana wenye digrii wanaendesha bodaboda. Aliniambia mbele ya wakwe zangu: "Kama ni masta, soma biashara au rasilimali watu. Historia itakupa nini? Kufukua marehemu?" Nilinyamaza kwa heshima, ila iliniuma.

Mwalimu mwenzangu naye ananishauri niache Historia nichukue Kiswahili pale TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya hapohapo Mlimani, maana tasnifu inaandikwa kwa Kiswahili na wageni wanatafuta walimu wa Kiswahili kila siku. Mkuu wa shule ameshasema hawezi kuniruhusu asubuhi, nichague kazi au masomo. Na moyoni, Shangazi, natamani siku moja nifundishe chuo kikuu.

Je, ni ujinga kusoma kitu hiki kwa umri wangu na hali yangu? Nichukue Historia au Kiswahili? Na baba mdogo nimwambie nini?

Mwalimu, Mbagala

*

Marahaba, mwanangu.

Wengi wanaoniandikia kuhusu masta wanataka kupandishwa daraja, au wamekaa nyumbani muda mrefu wanaona bora warudi chuo kuliko kukaa bure. Siwalaumu. Lakini wewe umekuja na swali mkononi, na kwenye masomo ya sanaa swali ndiyo nusu ya safari. Kwa hiyo si ujinga. Hilo liondoe kichwani leo hii.

Nakwambia hivi kwa sababu ya namna masomo yenyewe yalivyopangwa. Masta ya mihadhara na tasnifu kwa kawaida ni miaka miwili. Mwaka wa kwanza una ratiba, una wenzako, kuna semina na kazi za kuandika; unachoka lakini kuna mtu anakusubiri darasani. Mwaka wa pili hakuna kipindi. Una pendekezo la utafiti, una msimamizi mwenye wanafunzi wengine kadhaa, na una wewe mwenyewe. Hapo ndipo watu wanapokwama, wengine miaka mingi, na wengi wa hao si watu wasio na akili. Waliingia bila kitu wanachotaka kukijua, wakatafuta mada kwa sababu fomu inadai mada. Ukiwa na jambo linalokukosesha usingizi, utaamka saa kumi alfajiri uandike kabla mtoto hajaamka.

Sasa nikupe habari ambayo huenda ikakushtua kidogo: swali lako limeshaulizwa. Mwanahistoria wa Marekani, Susan Geiger, alitoa kitabu mwaka 1997 kuhusu wanawake wa TANU, akiwa amezungumza na Bibi Titi Mohamed mwenyewe na wenzake wengi. Humo ndimo inaposimuliwa kwa kirefu kwamba Bibi Titi alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, na kwamba vikundi kama hicho ndivyo vilivyokuwa njia ya TANU kuwafikia akina mama wa Dar es Salaam kuanzia mwaka 1955. Kwa hiyo bibi yako hakusimulii hadithi ya kulalia watoto. Anasema jambo ambalo wanahistoria wanalijua.

Usikate tamaa kwa kusikia hivyo, furahi. Maana yake una mahali pa kusimama. Kazi ya masta haidai uwe wa kwanza kuliona jambo. Inadai ujue waliotangulia wamesema nini, kisha uonyeshe pale walipoishia. Geiger alitazama hasa miaka ya 1955 hadi 1965. Je, baada ya hapo vile vikundi vya lelemama vilikwenda wapi? Umoja wa Wanawake wa Tanganyika ulipoundwa mwaka 1962, wale akina mama wa uani waliingia na ngoma zao au waliambiwa ngoma zimekwisha, sasa ni vikao? Bibi Titi mwenyewe alikamatwa mwaka 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha katika kesi ya uhaini, akaachiwa mwaka 1972. Kwa wanawake wa Ilala na Temeke waliokuwa wakimfuata, miaka ile ilikuwaje nyumbani kwao? Kadi zilifichwa? Nyimbo zake ziliendelea kuimbwa harusini? Hapo naona tasnifu, tena si moja. Chukua mtaa mmoja, kikundi kimoja kama kinapatikana, na muongo mmoja. Ukiandika "mchango wa wanawake katika uhuru wa Tanzania" msimamizi yeyote mzuri atakurudishia karatasi, na atakuwa amekufanyia hisani.

Na vyanzo vipo hapahapa mjini, wala hutahitaji nauli ya ndege. Nyaraka za Taifa, pale Upanga, zina mafaili ya serikali ya Mwingereza. Maktaba ya Mlimani ina sehemu ya East Africana yenye magazeti ya zamani na tasnifu za waliotangulia. Nenda ukasome tasnifu tatu nne za masta kabla hujalipa hata shilingi, uone kwa macho yako kitu unachokwenda kukitengeneza kinafananaje. Tafuta gazeti la Mwafrika la miaka ya mwisho ya 1950. Halafu kuna wazee wenyewe, ambao hawawekwi kwenye rafu.

Nije kwenye Historia na Kiswahili. Mwenzako hajakushauri vibaya, ila amekushauri kwa kuangalia soko, na mimi ningetaka uangalie unachotaka kukijua. Lelemama inakaa kotekote. Ukitaka kujua akina mama walifanya nini, nani alimwita nani, fedha za sare zilitoka wapi, chama kiliwapa nini na kiliwanyima nini, hiyo ni Historia. Ukitaka kujua nyimbo zenyewe zinasemaje, mafumbo yake yamejengwaje, kijembe cha mahasimu kiligeuzwaje kikawa kijembe cha mkoloni, hiyo ni fasihi simulizi, na mahali pake ni TATAKI. Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila unapotaja nyimbo unataja pia majina. Majina ndiyo yanayokuuma zaidi. Mimi naona wewe ni mtu wa Historia.

Lakini kuna jambo la lugha lazima ulipime bila kujidanganya. Tasnifu ya Historia kwa kawaida utaiandika kwa Kiingereza. Utamsikiliza bibi wa Ilala kwa Kiswahili chake cha pwani, kisha umpeleke kwenye Kiingereza cha kitaaluma bila kumpotezea utamu wake wala kumlisha maneno. Ni kazi nzito, na usomaji wake ni mwingi kuliko ulivyozoea kwenye digrii ya kwanza. Kama Kiingereza chako cha kuandika kimelala kidogo, kiamshe sasa: soma kurasa chache kila siku za vitabu vya historia, andika muhtasari wako. Kama baada ya miezi kadhaa bado unajiona unapigana na lugha badala ya kupigana na hoja, basi rudi uifikirie TATAKI, na hutakuwa umeshuka chini kwa namna yoyote. Euphrase Kezilahabi alimaliza digrii ya kwanza Mlimani mwaka 1970, akafundisha sekondari kama wewe, ndipo akarudi kusoma masta, na tasnifu yake ya mwaka 1976 ilihusu riwaya za Shaaban Robert. Sidhani kuna anayesema leo kwamba alipoteza muda.

Sasa fedha na ajira, na hapa sitakupamba.

Unatamani kufundisha chuo kikuu. Matangazo ya kazi za wahadhiri wasaidizi kwenye vyuo vya umma mara nyingi yanadai GPA ya 4.0 kwa masta, na kwa digrii ya kwanza 3.8, penginepo 3.5. Wewe una 3.6. Kwa hiyo kuna milango ambayo imeshafungwa hata ukipata masta nzuri namna gani, na kuna mingine iko wazi, lakini ni michache na wanaoisubiri ni wengi. Ukienda kusoma kwa sababu ya ndoto hiyo peke yake, utaumia. Masta ya Historia inaweza kukufikisha kwenye uandishi wa vitabu vya kiada, kwenye makumbusho, kwenye nyaraka, kwenye utafiti wa mashirika, kwenye uhariri. Na inaweza pia kukurudisha darasani kwako Mbagala, mshahara uleule, ukiwa mwalimu bora sana. Jiulize kama ungeridhika na hilo la mwisho. Mimi ningeridhika, lakini si mimi ninayejenga Chanika.

Na usitegemee Bodi ya Mikopo. Wanaoiegemea zaidi ni wa digrii ya kwanza. Tena kama bado unakatwa ile asilimia 15 ya mshahara kwa mkopo wa kwanza, iweke kwenye hesabu, kwa sababu siku ukiacha kazi deni halitaacha kukudai.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usianze mwaka huu. Nenda ofisi ya masomo ya uzamili ukaulize kama nafasi yako inaweza kuahirishwa hadi mwakani, na uombe kwa maandishi. Wakikataa, utaomba upya; aliyepata mara moja kwa sifa zilezile ana haki ya kutegemea kupata tena. Najua inauma kuachia kitu ulichokishika. Lakini kuanza ukiwa na milioni 7 ambazo nusu yake ni jasho la mumeo, mkuu wa shule ameshakuonyesha mlango, na mtoto wa miaka minne, ni kujitengenezea mwaka wa pili wa kukwama.

Mwaka huo mmoja haupiti bure. Weka akiba ya masomo mbali na akiba ya Chanika, hata iwe ndogo, ili nyumba na shule zisigombane kwenye akaunti moja. Kaeni na mumeo mkubaliane kiasi ambacho hakitaguswa kwa namna yoyote, mkiandike. Mtu anayesema "soma tu" huku hapati usingizi anahitaji namba, hahitaji kushukuriwa. Tafuta shule ambayo ratiba yake inaweza kukusanywa kwenye siku tatu. Shule za binafsi Dar ni nyingi, na mwalimu wa Historia na Kiswahili anayejua mtaala mpya hakosi pa kwenda. Uliza pia Chuo Kikuu Huria, makao yake makuu yako Kinondoni. Kilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya watu kama wewe wanaosoma huku wakifanya kazi. Utakosa zile semina za ana kwa ana, na kwa Historia semina ni chakula hasa, lakini hutalazimika kuacha mshahara.

Na kabla ya yote hayo, panda kilimani ukaonane na idara. Usiulize ada, hiyo ipo kwenye tangazo. Uliza: nani hapa anafanya historia ya wanawake au historia ya mji? Ana wanafunzi wangapi sasa hivi? Atakuwepo mwaka wa pili au anakwenda masomoni? Wanafunzi wa masta waliopita wamemaliza kwa muda gani? Kama hakuna mtu wa eneo lako, heri ujue leo. Msimamizi ni muhimu kuliko jina la chuo, na hili watu hawaambiwi mpaka wameshalipa.

Baba mdogo sasa. Alikuvunjia heshima mbele ya wakwe, nakubali, na kukaa kimya kwako kulikuwa adabu. Ila usimchukulie kama adui wa elimu. Mtu aliyekusomesha kutoka kwenye mshahara wa kiwandani anajua elimu ni nini. Anachoogopa ni kuona fedha zimekwenda na wewe umerudi mikono mitupu, na hao vijana wa bodaboda ni watoto halisi, anawasalimia kila asubuhi. Hofu yake ina ushahidi. Usimjibu kwa simu, wala usimtume mumeo. Nendeni wote wawili siku ya mapumziko, mbebe mtoto. Mwambie umemsikia, kwamba umeahirisha kwa mwaka mmoja, na akiba ya nyumba haitaguswa. Hapo utakuwa umemwondolea robo tatu ya hoja.

Kisha, ukiona ametulia, muulize kuhusu Urafiki. Kile kiwanda kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa Wachina, na kwa kadiri ninavyojua, waliokifanyia kazi wana mengi ambayo hawajaulizwa na mtu. Muulize kengele ya zamu ilikuwa inalia saa ngapi, wanawake walikuwa kwenye mashine zipi, vitenge vilivyokataliwa ubora vilikwenda wapi. Msikilize kweli, andika. Usimwambie kwamba hiyo ndiyo Historia unayotaka kusoma. Ni mtu mzima, ataliona mwenyewe, na asipoliona utakuwa umepata saa mbili nzuri na baba yako.

Lililobaki halisubiri mwakani, nalo ni bibi wa Ilala. Kama alikuwa msichana mwaka 1955, hesabu miaka yake. Kwa utafiti rasmi utahitaji kibali cha chuo kabla ya kuhoji watu, na mazungumzo ya sasa huenda usiruhusiwe kuyatumia kama data ya tasnifu mpaka umeuliza. Hilo lisikuzuie, kwa sababu unamrekodi kama mjukuu wake. Mwombe ruhusa, simu ikiwa inarekodi, ili ridhaa yake isikike kwa sauti yake. Zima feni na televisheni. Usianze na TANU. Anza na nyimbo, maana wimbo unavuta majina, na majina yanavuta nyumba na mitaa. Akitaja mtu, muulize mtoto wa nani, alikaa wapi, aliolewa na nani. Asimame akichoka, urudi siku nyingine. Hamisha rekodi sehemu mbili usiku huohuo, moja nje ya simu yako, kisha uanze kuziandika neno kwa neno. Saa moja ya mazungumzo itakula saa nne au zaidi za kuandika, kwa hiyo usizirundike.

Ukishaonana na idara, niandikie wamekuambia nini kuhusu msimamizi. Jibu lao ndilo litakaloamua kama tuzungumze zaidi habari ya Mlimani au ya Chuo Huria.

Shangazi